Kuimba kwa Faida

Wimbo wa kwanza katika jioni ya nyimbo ya Leontyne Price, soprano mweusi wa Marekani, mara nyingi ulikuwa wa Handel au Mozart, na kwa kawaida haukuwa wimbo wa kumnyanyua mtu kitini. Sauti ilibaki maeneo ya katikati, mistari ya muziki ilikuwa mirefu na iliyonyooka, maneno machache yakirudiwarudiwa. Msikilizaji mgeni angeweza kudhani mama huyu anajibana. Kumbe alikuwa kazini tayari. Ukumbi uliojaa watu hausikiki kama ule mtupu uliofanyiwa majaribio mchana: nguo na miili hunyonya sauti, na mwimbaji asiyetumia kipaza sauti lazima ajue mapema sauti yake inafika wapi na inarudi vipi. Waliochelewa nao bado wanapapasa viti vyao gizani. Handel anayavumilia hayo yote. Mistari yake mirefu inampa mwimbaji nafasi ya kupima pumzi, kuusikiliza ukuta wa nyuma, na kuamua bila kumwambia mtu ni nguvu kiasi gani itakayohitajika usiku ule.

Dunia inamjua Price zaidi kwa opera. Aida, Leonora, Tosca, Cleopatra: katika Metropolitan Opera ya New York peke yake aliimba mara 201, akivaa nafsi za wahusika 16. Ila mimi kinachonishika zaidi ni zile jioni alizosimama kando ya piano, bila vazi la mhusika, bila okestra, bila pazia la nyuma lililochorwa, akaimba nyimbo fupifupi hadi watu wakaombwa waende nyumbani. Katika opera mtu anaingia kama Aida na anakufa kama Aida. Ana mwongozaji aliyemwelekeza asimame wapi, ana kwaya ya kumpumzisha, ana mpinzani wa kuimba naye. Katika jioni ya nyimbo kila baada ya dakika tatu nne anakuwa mtu mwingine, mara nyingi katika lugha nyingine, na hakuna aliyemwandikia kwamba aanze na huyu amalizie na yule. Mpangilio ni wake. Ukiharibika, hakuna wa kumsingizia.

Ufundi huo haumo katika koo. Wapo wenye koo za ajabu ambao jioni zao huchosha, kwa sababu wamepanga nyimbo sita za majonzi mfululizo, au wameimba kwa sauti ya juu kabisa katika dakika ya kumi na baada ya hapo hawana tena cha kutushtua nacho. Price alikuwa na koo, na alijua kupanga.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1927 huko Laurel, Mississippi. Baba yake, James, alifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Mama yake, Katie, alikuwa mkunga na aliimba katika kwaya ya kanisa. Mtoto alipofika miaka mitano, wazazi waliitoa gramafoni ya nyumbani kuwa malipo ya kwanza ya piano. Yaani waliuza muziki wa watu wengine ili binti awe na wa kwake. Akiwa na miaka tisa alipelekwa mji wa Jackson kumsikiliza Marian Anderson, mwimbaji mkuu mweusi wa zama hizo, ambaye katika jioni zake aliwaweka Schubert na nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi kwenye jukwaa moja. Sidhani mtoto wa umri huo alielewa Kijerumani. Ila alichokiona, mwanamke mmoja na piano moja wakiutawala ukumbi mzima, kilikuwa ramani.

Baada ya chuo cha huko Ohio, ambako mwimbaji Paul Robeson aliimba katika hafla ya kuchangisha fedha za masomo yake, alifika shule ya muziki ya Juilliard, New York, mwaka 1948 na kuwekwa mikononi mwa mwalimu Florence Page Kimball. Kimball alimpa shauri ambalo Price amelirudia mara nyingi katika mahojiano: uimbe kwa faida, mtaji usiuguse. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo au Gikomba angeitikia kwa kichwa. Katika sauti, mtaji ni ile misuli midogo ya koo, utando laini unaotetemeka mamia ya mara kwa sekunde, na ile robo ya mwisho ya pumzi ambayo mwimbaji mwenye pupa huipiga teke kila anapotaka makofi. Anayeitumia leo anaikopa kwa kesho. Ndiyo maana mpangilio wa nyimbo kwake haukuwa suala la urembo tu. Ulikuwa bajeti. Aria ya opera inayodai kila kitu iliwekwa palipo na mapumziko mbele yake. Wimbo wa sauti nzito ya kifuani ulifuatwa na wa kuelea juu, ili misuli ile ile isibebeshwe mzigo mara mbili. Wimbo wa maneno mengi ya haraka ulifuatwa na ule ambao sauti inakaa mahali pamoja na kunenepa polepole. Msikilizaji anaona rangi zinabadilika. Mwimbaji anajua koo linapumzishwa.

Sasa nikae kidogo kwenye jioni moja, kwa sababu ndani yake mbegu yote ya kazi yake ipo.

Tarehe 30 Oktoba 1953, katika ukumbi wa Maktaba ya Bunge la Marekani jijini Washington, mahali padogo penye viti vipatavyo 500, Price mwenye umri wa miaka 26 aliimba kwa mara ya kwanza mbele ya watu mkusanyiko wa nyimbo 10 za mtunzi Samuel Barber, Hermit Songs. Piano aliipiga Barber mwenyewe. Mwezi Novemba mwaka uliofuata wawili hao waliupeleka Town Hall, New York, katika jioni ambayo ndiyo ilimtambulisha rasmi Price kwa wapenzi wa nyimbo za aina hiyo. Hebu tuifikirie hesabu yake. Wakati huo New York ilimfahamu kama Bess, mwanamke wa mtaani katika Porgy and Bess ya Gershwin. Njia rahisi ilikuwa kuwapa watu walichokizoea: Schubert kidogo, Verdi mmoja, Bess kidogo kwa ajili ya kumbukumbu. Yeye akawaletea nyimbo ambazo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, zenye maneno ya watawa wa Ireland wa zama za kati.

Maneno hayo yaliandikwa na watu wasiojulikana majina kati ya karne ya 8 na ya 13, mengine pembezoni mwa vitabu walivyokuwa wakinakili, pengine kwa matumaini kwamba mkuu wa nyumba hatayaona. Ni mawazo madogo ya watu waliokaa peke yao sana. Mmoja anaitamani kengele ya usiku. Mwingine anaota karamu ya mbinguni yenye ziwa zima la bia. Mtakatifu Ita anamnyonyesha Mtoto Yesu. Yupo anayesengenya mtu anayelala ovyo na watu, na wimbo wake ni mfupi kiasi kwamba ukikohoa umekupita.

Mwanakwaya aliyefundishwa noti anajua kwamba mwanzoni mwa mstari wa kwanza hukaa tarakimu mbili, moja juu ya nyingine, zinazoeleza kila kisehemu kina mapigo mangapi. Katika Hermit Songs tarakimu hizo hazipo kabisa. Mapigo yanafuata maneno. Sentensi ikirefuka, kisehemu kinarefuka nayo, na kinachofuata kinaweza kuwa kifupi. Mwimbaji hana pa kujificha nyuma ya kuhesabu moja, mbili, tatu. Anapaswa kuyajua maneno kiasi kwamba yanamtoka kwa uzito wake wa kawaida wa kusemwa, huku sauti ikibaki ya kuimba. Hapo ndipo unapomjua aliyekariri na aliyeelewa.

Chukua wimbo wa nane. Mtawa yumo chumbani na paka wake mweupe: mmoja anawinda maana kitabuni, mwingine anawinda panya, na hakuna anayemsumbua mwenziwe. Barber anaipa piano noti mbili za jirani zibonyezwe pamoja, zikwaruzane kidogo, juu ya mdundo unaoyumba kivivu. Huyo ndiye paka, hana haja ya kuigizwa na mtu. Upo ushahidi wa jinsi Price alivyoukabili wimbo huu, maana yeye na Barber waliurekodi wakati huohuo kwa kampuni ya Columbia, na anachokifanya ni jambo linalowashinda waimbaji wengi wa opera: hafanyi kitu. Hajifanyi mzee, hakonyezi, haweki kicheko ndani ya noti. Sauti inatembea taratibu katikati ya ngazi, imelegea bila kulala, na mwisho wa mstari inaachiwa kabla masikio hayajashiba. Utani uko kwenye piano. Utulivu uko kwa mwimbaji. Mtu akizifanya zote mbili, chumba kinajaa, na mtawa na paka wake wanakosa mahali pa kukaa.

Wimbo wa tatu, ule wa Mtakatifu Ita, unadai kitu cha namna nyingine kabisa. Unaanza kwa maneno yanayokaribia kusemwa, makali kidogo, kama mtu anayeweka sharti mbele ya Mungu, kisha unageuka wimbo wa kubembeleza mtoto. Mpito huo ni mwembamba. Price anaupita kwa kubadilisha pumzi tu: zile za mwanzo fupi, zinasikika, za baadaye ndefu, huwezi kujua zilivutwa wapi. Mwalimu wa sauti anaweza kuutumia ukurasa huo mwaka mzima.

Kilichofuata baada ya hapo si bahati. Sauti ikijulikana kwamba inathubutu, watunzi wanaijia. Barber alimwandikia Cleopatra katika opera iliyofungua jengo jipya la Metropolitan mwaka 1966, na baadaye nyimbo tano za Despite and Still, ambazo Price aliziimba kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Ned Rorem aliingia katika orodha zake. Lee Hoiby alikaa humo kwa miaka mingi, hata akachapisha mkusanyiko unaoitwa Songs for Leontyne. Mmojawapo wa nyimbo za Hoiby, The Serpent, kwa shairi la Theodore Roethke, unamhusu nyoka aliyechoka na unyoka akaamua kuwa mwimbaji. Ni kichekesho kilichoandikwa kwa sauti kubwa kabisa, na Price aliuimba kwa umakini uleule aliompa Verdi, jambo ambalo ndilo linalochekesha. Waimbaji wakubwa wengi huogopa kuchekwa. Yeye aliuweka wimbo huo katikati ya jioni palipohitaji kufunguliwa dirisha.

Kabla ya kufika huko, jioni ilipitia Ujerumani na Ufaransa. Hapa nitasema ninavyosikia. Katika Richard Strauss, piano inapigwa kana kwamba ni okestra iliyokunjwa, na sauti inapanda juu yake kwa mikondo mirefu. Price alikuwa nyumbani, maana mikondo hiyo ilimruhusu kuonyesha lile eneo la juu lililomfanya awe yeye: jembamba mwanzoni, halafu linafunguka, likiwa na kitu kama moshi ndani yake. Lakini Kijerumani chenyewe mara nyingine kilizama. Konsonanti za mwisho, ambazo Mjerumani huzibana kama mlango, kwake zilikuwa zimeachwa wazi nusu, na anayefuatilia shairi neno kwa neno angenung'unika. Katika Poulenc sinung'uniki. Mfaransa huyo anataka mwimbaji aliye na ujuzi wa vilabu vya usiku na wa kanisani kwa pamoja, na moshi ule ulimfaa.

Aliyekaa kwenye piano kwa sehemu kubwa ya safari hii ni David Garvey. Walianza pamoja mwaka 1955. Mwaka uliofuata Price alizunguka India, kisha Australia, kwa udhamini wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na wakaendelea hivyo katika majukwaa ya dunia hadi Garvey alipofariki mwaka 1995. Miaka arobaini! Ndoa nyingi hazifiki, na ya Price mwenyewe na mwimbaji William Warfield haikufika. Kazi ya mpiga piano wa namna hii haitangazwi kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Anavuta pumzi pamoja na mwimbaji; anajua kwa mabega yake kwamba leo noti ile ya juu itashikwa kidogo zaidi, na anaacha mkono wake wa kulia ungoje bila muziki kusimama. Katika utangulizi wa wimbo ana sekunde kama kumi za kuuhamisha ukumbi kutoka Vienna kwenda Paris. Sikiliza rekodi zao za moja kwa moja na umfuate yeye peke yake mara moja. Utaona ni mara chache sana anamfukuza mwimbaji, na ni mara chache vilevile anaburutwa.

Ufundi wa kuchagua una upande wa pili ambao hauonekani kwenye karatasi ya programu: kukataa. Metropolitan ilipomtaka aimbe Aida mwishoni mwa miaka ya 1950, Price alisema hapana. Peter Herman Adler, mkurugenzi wa muziki aliyekuwa amemuongoza katika opera za televisheni ya NBC, alimshauri kwamba siku yake ya kwanza katika nyumba ile aingie kama bibi wa heshima, asiingie kama mtumwa. Ilikuwa Marekani ya ubaguzi, na Aida ni binti wa mfalme aliyetekwa utumwani. Mwimbaji mweusi angeingia kwa mlango huo na huenda wangemwonyesha huohuo kila msimu. Akasubiri. Tarehe 27 Januari 1961 aliingia kama Leonora, mwanamke wa nyumba ya kifalme ya Hispania katika Il trovatore ya Verdi, na makofi ya mwisho yanatajwa hadi leo kwamba yalidumu dakika zaidi ya 40.

Mwaka huohuo alionja upande wa pili wa sarafu. Alifungua msimu kama Minnie katika La fanciulla del West ya Puccini, jukumu zito lenye okestra nzito, na katika onyesho la pili sauti ilimpotea katikati ya kazi. Ikambidi ayaseme maneno badala ya kuyaimba hadi mwisho wa kitendo, kisha mwimbaji mwingine, Dorothy Kirsten, akamalizia. Alikuwa mgonjwa, na amechoka kwa kazi nyingi. Baadaye akaenda kupumzika Rome. Ukiangalia orodha zake za miaka iliyofuata unaona mtu aliyesoma daftari la hasara: majukumu mapya machache, nafasi kubwa kati ya onyesho na onyesho, na kufikia miaka ya 1970 opera zilikuwa zimepungua sana huku jioni za nyimbo zikiongezeka. Wapo waliolalamika kwamba anaikimbia opera. Mimi naona alikuwa anahamia pale ambapo funguo za nyumba ziko mfukoni mwake.

Mwaka 1871 unamhusu Price mara mbili. Mwezi Oktoba mwaka huo kikundi cha wanafunzi wa chuo cha Fisk mjini Nashville, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, kilifunga safari kwenda kuimba ili kukiokoa chuo chao kilichokuwa kikifilisika. Hao ndio Fisk Jubilee Singers, na ndio waliozitoa nyimbo za kiroho za mashambani na kuzipeleka kwenye kumbi za watu waliolipa kiingilio. Tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, mjini Cairo, Aida ilichezwa kwa mara ya kwanza. Ethiopia ya Verdi, anakotoka Aida, si hii tunayoijua. Ni ya kubuni, na Verdi mwenyewe hakwenda hata Cairo kuiona ikizinduliwa. Mikondo hiyo miwili, ile ya opera iliyomtazama Mwafrika kwa mbali na ile ya Waafrika walioimba wenyewe, ilitiririka kwa miaka mingi bila kuchanganyika. Price aliiimba yote miwili, na aliwahi kusema kwamba katika Aida ngozi yake ndiyo iliyokuwa vazi lake. Katika jioni za nyimbo hakuhitaji hata vazi hilo.

Mahali pa nyimbo za kiroho katika jioni ya mwimbaji mweusi palikuwa pameshachimbwa kabla yake. Harry T. Burleigh ndiye aliyezipanga upya kwa sauti moja na piano mwanzoni mwa karne ya 20. Waimbaji Roland Hayes na Marian Anderson wakazizoesha kumbi kubwa. Na desturi ikawa kwamba zinakuja mwisho, baada ya Wazungu kumaliza. Desturi hiyo ina sumu ndani yake. Inaweza kuwafanya wasikilizaji waone kwamba kazi imekwisha, sasa ni burudani ya kufungia safari. Price aliiacha nafasi ilipokuwa, akabadilisha uzito. Hakuziimba kwa sauti ndogo ya unyenyekevu. Alizipa sauti yote, ile ya chini kabisa ya kifuani iliyokuwa na ukali wa kanisa la Mississippi na ile ya juu ya Leonora, mara nyingine katika mstari mmoja. Alitaka mipangilio mipya: mtunzi Margaret Bonds alimpangia He's Got the Whole World in His Hands. Na kwa kuwa Barber, Hoiby na wenzao walikuwa wametangulia dakika chache kabla, wimbo wa kiroho ulisikika kama sehemu ya muziki wa Marekani, jirani wa nyimbo hizo mpya. Huo ni uhariri, na haukuhitaji hotuba.

Nikiwa mkweli, katika miaka ya mwisho alizinakshi kupita kiasi mara nyingine. Noti iliendewa kwa kuteleza kutoka chini, na sauti ya kifuani ikawa nzito hadi neno likapotea. Wapenzi wake hawataki kulisikia hilo. Lakini linasikika, na halimpunguzii hadhi. Sauti ilikuwa imefanya kazi miaka arobaini.

Na nyongeza! Programu ikishaisha, ndipo alipofungua kabati la aria: Gershwin, Puccini, Cilea, kile ambacho nusu ya ukumbi ilikuwa imelipia. Hapa tena kuna akili. Watu waliokuja kwa ajili ya Puccini walikuwa wamekwisha kunywa Poulenc na Hoiby bila kulalamika, kwa sababu walijua yaliyo mbele. Mara nyingi alifunga kabisa kwa This Little Light of Mine, wimbo ambao watoto wa shule ya Jumapili hata huku kwetu wanaujua, na ambao alisema mama yake aliupenda kuliko yote.

Opera aliiaga tarehe 3 Januari 1985 kwa Aida, katika onyesho lililorushwa moja kwa moja na televisheni. Umri wake ulikuwa miaka 57, na aria ya kitendo cha tatu, ile ya binti wa mfalme anayelia nchi yake, ilisimamisha onyesho kwa makofi huku yeye akijitahidi kubaki ndani ya mhusika. Wengi wanaishia hapo wanapomsimulia. Ila baada ya usiku ule aliendelea na jioni za nyimbo kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, hadi Novemba 1997 huko Chapel Hill, North Carolina, na hakutangaza kwamba ile ndiyo ya mwisho. Miaka hiyo ndiyo hati ya benki ya ule ushauri wa Kimball. Eneo la katikati lilikuwa limekauka, linakwaruza. Yeye akapanga nyimbo zinazolipita upesi. La juu lilikuwa bado linafunguka, jambo ambalo kwa soprano wa miaka 70 ni nadra mno, maana kwa kawaida juu ndiko kunakoanza kuondoka. Akapanga nyimbo zinazokwenda huko na kukaa. Tarehe 30 Septemba 2001, akiwa na miaka 74 na amekwisha kustaafu, alirudi Carnegie Hall katika tamasha la kuwakumbuka waliouawa kwenye mashambulizi ya tarehe 11 mwezi ule, akaimba nyimbo mbili, ya pili bila ala yoyote, na akaimalizia kwa noti ya juu ambayo vijana wengi wa Juilliard wangeifanyia mazoezi kwanza.

Anayetaka kuanza kumsikiliza atakutana naye mtandaoni akiwa amekatwakatwa: aria moja hapa, wimbo wa kiroho pale, makofi, tangazo. Ipo bora kuliko hiyo. Jioni yake ya tarehe 28 Februari 1965 katika Carnegie Hall, Garvey akiwa kwenye piano, ilinaswa moja kwa moja, ikakaa kabatini kwa miongo, na ikatolewa mwaka 2002 kwa jina la Leontyne Price Rediscovered. Humo ana umri wa miaka 38, na katika Zigeunerlieder za Brahms, nyimbo nane zenye moto, unamsikia akigawa nguvu wimbo kwa wimbo, akijua bado kuna safari ndefu. Isikilizwe kama alivyoipanga. Simu nyingi zina kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, kizime kwanza.